Saratani ya mapafu kwa Wamarekani Weusi na Wazungu: ni jeni, sigara au data mbovu?

Mchambuzi_Mwenge

Wakuu, habari za kazi.

Nafanya uchambuzi wa data za saratani ya mapafu, nalinganisha Wamarekani Weusi na Wazungu. Nina data mbili. Moja ni ya TCGA, mradi wa Marekani wa kusoma jenomu za saratani: adenokasinoma (inayoanzia seli za tezi) pamoja na ile ya seli bapa. Nyingine ni ya maabara ya kibiashara ambayo ilisoma DNA ya uvimbe tu, damu ya mgonjwa haikusomwa.

Kinachonitatiza ni kwamba wanaume Weusi Marekani wanaugua na kufa kwa ugonjwa huu zaidi, ilhali kwa wastani wanavuta sigara chache kwa siku kuliko Wazungu na wengi wao huanza kuvuta wakiwa wameshakua kidogo. Nikaona labda jibu liko kwenye uvimbe wenyewe. Lakini kwenye EGFR, jeni ya ukuaji wa seli ambayo mabadiliko yake huchochea saratani, machapisho yanapingana: moja linasema Weusi karibu hawana mabadiliko hayo, jingine linasema wako sawa na Wazungu. Halafu kwenye data ya pili idadi ya mabadiliko kwa megabezi (herufi milioni moja za DNA), yaani TMB, inatoka juu wazi kwa Weusi. Kwenye TCGA siioni hiyo.

Ni molekuli zipi zimethibitika, na zipi ni kelele? Na hiyo TMB niiamini?

---

Kemia_ya_Tumbaku

Mkuu, anza na moshi kabla hujafika kwenye uvimbe. Kitendawili chako kilipimwa kwenye Multiethnic Cohort, kundi la Hawaii na Los Angeles, na matokeo yakatoka 2006. Walikuwamo watu zaidi ya 183,000: Weusi, Wenyeji wa Hawaii, Wazungu, Walatino na Wamarekani wenye asili ya Japani. Kwa wavutaji wasiozidi sigara 30 kwa siku, Weusi na Wenyeji wa Hawaii walikuwa na hatari kubwa kuliko wengine, na pengo lilikuwa pana zaidi kwa wanaovuta chache. Ukivuka 30, tofauti haionekani tena kitakwimu. Mkondo huo wenyewe unakuambia kitu: kama kungekuwa na jeni moja inayofanya mapafu ya Weusi yawe dhaifu, isingenyamaza kwa wavutaji wakubwa.

Idadi ya sigara ni kipimo kibovu cha sumu iliyoingia mwilini. Mmoja anaivuta juu juu na kuitupa nusu, mwingine anavuta pumzi ndefu mpaka kwenye kichungi. Kwa hiyo watafiti wakahamia kwenye kotinini, zao la nikotini, na kwa kila sigara moja Weusi wakatoka na kotinini nyingi kwenye damu. Watu wengi huishia hapo na kuandika "Weusi wananyonya nikotini zaidi". Pole pole.

Ini hubadilisha asilimia 70 hadi 80 ya nikotini kuwa kotinini kwa kimeng'enya CYP2A6, na kimeng'enya hichohicho huigeuza kotinini kuwa hidroksikotinini. Pembeni kuna UGT2B10, inayofunga asidi ya glukuroniki kwenye nikotini na kotinini ili zitoke na mkojo. Kuna badiliko la UGT2B10 linaloharibu uunganishaji wa RNA yake (rs116294140). Liko kwa wingi kwa watu wenye asili ya Afrika na ni nadra kwa Wazungu. Mwenye nalo huchelewa kuitoa kotinini, nayo hujikusanya kwenye damu hata kama alivuta sawa na jirani yake. Kotinini peke yake, basi, inampa Mweusi alama asizostahili.

Kipimo cha maana ni jumla ya nikotini na mazao yake yote kwenye mkojo, yaliyofungwa na yasiyofungwa. Ukishakitumia hicho pengo linapungua lakini halifutiki: kwa sigara moja, Weusi wa kundi lile bado walipata dozi kubwa kuliko Wazungu. NNAL, zao la NNK, kemikali ya tumbaku inayosababisha saratani, inaelekea hukohuko. Wajapani wako chini, na wengi wao wana CYP2A6 iliyokatika kabisa (aina ya *4) au iliyo dhaifu. Nikotini ikikaa muda mrefu mwilini, mtu hahitaji kuvuta kwa nguvu.

Sasa angalia mtego. Weusi nao wana aina dhaifu za CYP2A6, mfano *17. Kwa hesabu ya Wajapani walipaswa kuvuta kwa upole, lakini wanavuta kwa nguvu. Kwa hiyo usiandike kwamba CYP2A6 ndiyo inaeleza pengo la Weusi na Wazungu. Inaeleza sehemu ya upande wa Wajapani.

CHRNA5, jeni ya kipokezi cha nikotini, nayo usiibebe. Badiliko la rs16969968 linaongeza utegemezi wa nikotini na hatari ya saratani, lakini takriban theluthi ya kromosomu za Wazungu zinalo, kwa Wamarekani Weusi ni kama moja kati ya ishirini. Lingekuwa ndilo sababu, pengo lingegeuka upande wa pili. Na menthol, inayovutwa na Weusi wengi zaidi: inapooza koo na kufanya kuacha kuwe kugumu, ila kwenye Southern Community Cohort, utafiti wa watu wa kusini mwa Marekani, wavutaji wa menthol hawakuwa na hatari kubwa ya saratani ya mapafu kuliko wavutaji wa sigara za kawaida. Ina madhara mengine, hili si mojawapo.

---

Dkt_Uvimbe

Kwenye EGFR, hao wanaopingana wote wanaweza kuwa wamepima sawasawa. Tatizo ni ukubwa wa sampuli na nani aliingizwa.

Picha ya jumla haina ubishi: kwa adenokasinoma ya Asia Mashariki EGFR iko asilimia 40 hadi 50, kwa Wazungu 10 hadi 15. Karibu tisa kati ya kumi ya mabadiliko hayo ni ufutikaji kwenye eksoni (kipande cha jeni) ya 19 au badiliko la herufi moja liitwalo L858R kwenye eksoni ya 21. Kwa tofauti kubwa hivyo huhitaji watu wengi. Ukitaka kutofautisha 15% na 45%, kwa nguvu ya kitakwimu ya 80% na alfa ya 0.05, wagonjwa 33 kila upande wanatosha. Kutofautisha 10% na 20% unahitaji kama 196 kila upande. Kutofautisha 10% na 15%, ambayo ndiyo aina ya tofauti inayobishaniwa kati ya Weusi na Wazungu, ni karibu 680 kila upande. Sasa hesabu Weusi wenye adenokasinoma kwenye TCGA, kisha jiulize unapima nini hasa.

Ndiyo maana ripoti za mwanzo za 2009 zenye Weusi wachache zilisema EGFR karibu haipo, na mwaka 2017 uchambuzi wa wagonjwa zaidi ya 500, Weusi na Wazungu karibu nusu kwa nusu, haukukuta tofauti yenye uzito. Ukipata wawili kati ya 50, hiyo ni 4%, lakini kiwango cha uhakika cha 95% kinaanzia 0.5% mpaka karibu 14%. Ndani ya upana huo kuna "karibu hawana" na "sawa na Wazungu" kwa pamoja.

Kuna kingine kinachochezea namba hizi: EGFR hufuata kutovuta sigara na adenokasinoma. Kundi lenye wavutaji wengi au wenye seli bapa wengi litatoa EGFR ndogo bila rangi ya ngozi kuhusika kwa lolote. Kila ulinganisho uupitishe ndani ya hali ya uvutaji na aina ya uvimbe, usiweke wote kapu moja. Na njia ya kupima: Sanger, njia ya zamani ya kusoma DNA, inataka badiliko liwe kwenye asilimia 15 hadi 20 ya DNA ndipo ilione. Uvimbe wenye seli chache za saratani hupita kama "hauna".

Mfano mzuri wa asili ya kinasaba iliyofanyiwa kazi kwa makini ni wa Amerika ya Kilatini, 2021, wagonjwa zaidi ya 1,100 wa Mexico na Colombia. Kadiri mgonjwa alivyokuwa na asili kubwa ya wenyeji wa Amerika ndivyo EGFR ilivyoongezeka, hata baada ya kuzingatia uvutaji. Hapo ndipo naamini kuna kitu cha kurithi. Kwa Weusi wa Marekani ushahidi wa namna hiyo juu ya EGFR sijaukuta. Kilichonivutia kwao kiko kwingine: mwaka 2020 uchambuzi wa saratani ya seli bapa ulikuta jenomu za uvimbe wa Weusi zimevurugika zaidi, zikiwa na dalili nyingi za upungufu wa rekombinesheni ya homologasi, njia ambayo seli hutumia kukarabati DNA iliyokatika. Hilo lina maana ya tiba, kwa kuwa uvimbe wenye upungufu huo kwa kawaida huathirika zaidi na dawa za platinamu na vizuizi vya PARP, kimeng'enya kingine cha kukarabati DNA. Kama TCGA unayo, angalia hapo kabla ya kukesha na EGFR.

Kitu kimoja cha kurithi ambacho kweli kimegawanyika kwa asili: ufutikaji ndani ya BIM, jeni inayosaidia seli kujiua, takriban 12% ya watu wa Asia Mashariki wanao, na kwa Waafrika na Wazungu haukupatikana. Mwenye nao seli zake hufa kwa shida akipewa dawa zinazozuia EGFR. Ripoti zinazosema "Waasia wanaitikia dawa vizuri" huwa zinasahau kipande hicho.

---

Bi_Takwimu

Najibu la TMB. Kaka, usiiamini. Umeshajibu swali mwenyewe uliposema damu haikusomwa.

Bila damu, programu inatenganisha mabadiliko ya uvimbe na ya kurithi kwa kuuliza hifadhidata: je, hili limeshaonekana kwa watu wazima wenye afya? Likionekana linafutwa, lisipoonekana linahesabiwa kuwa la saratani. Hifadhidata hizo zimejaa Wazungu. Mtu mwenye asili ya Afrika ana sehemu zinazotofautiana na jenomu rejea kama milioni 5, wengine ni kama milioni 4, na nyingi kati ya zile za ziada ni nadra au hazijaorodheshwa. Zinapenya kichungio hicho na kuingia kwenye hesabu.

Chukua paneli (kipimo kinachosoma jeni teule tu) ya megabezi 1. Uvimbe una TMB halisi ya 7. Yakibaki mabadiliko manne ya kurithi inakuwa 11, na mgonjwa amevuka mstari wa 10 ambao FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliuweka Juni 2020 kwa dawa ya kinga-tiba pembrolizumabu. Sasa anapewa tiba kwa kigezo asichokuwa nacho. Ukimlinganisha na wenye TMB ya juu ya kweli, utaona "Weusi wenye TMB ya juu hawafaidiki na kinga-tiba" na utaandika makala nzima juu ya baiolojia isiyokuwepo. TCGA ilisoma uvimbe na DNA ya kawaida ya mgonjwa yuleyule, ndiyo maana huko huioni.

Kama damu haipatikani tena, fanya hivi. Chuja kwa marudio (asilimia ya nakala zenye badiliko) makubwa kabisa kwenye kundi lolote la gnomAD, hifadhidata ya mabadiliko ya kurithi, si kwa wastani wa dunia nzima, maana badiliko lenye 2% Afrika Magharibi linaweza kuonekana 0.1% ukilichanganya na wote. Kisha tazama uwiano wa badiliko (sehemu ya DNA iliyosomwa yenye badiliko hilo) dhidi ya usafi wa uvimbe, yaani asilimia ya seli za saratani. Uvimbe wenye seli za saratani 30% unatarajiwa kuwa na badiliko lake karibu 15%, la kurithi litasimama karibu 50% au 100%. Uvimbe wenye usafi wa 90% unakunyima silaha hiyo, kwa kuwa vyote viwili vinasogea karibu na 50%. Hapo ripoti TMB kwa tahadhari au iache.

Na safu ya "rangi" kwenye faili usiitumie peke yake. Ni jibu la mtu kwenye fomu. Wamarekani Weusi kwa wastani wana kama 80% ya asili ya Afrika, lakini mtu mmoja na mwingine wanaachana sana. Chukua mabadiliko ya kawaida yenye marudio ya 5% na zaidi, punguza yanayorithiwa pamoja kwa r² ya 0.2, yaweke pamoja na sampuli za 1000 Genomes, mradi wa jenomu za watu wa mabara mbalimbali, fanya PCA na ADMIXTURE, njia za kukadiria asili ya mtu. Asilimia unayopata iingize kwenye modeli kama namba endelevu, na rangi iliyoandikwa ibaki kama kigezo cha pili, kwa sababu yenyewe inabeba mtaa, bima ya afya na hospitali. Ukiweka kimoja tu, kitabeba mzigo wa kingine.

---

Mchambuzi_Mwenge

Nashukuru sana, hasa hesabu ya sampuli imenizindua. Dada Bi_Takwimu, swali la nyongeza: nikipata bloku za parafini (vipande vya uvimbe vilivyohifadhiwa ndani ya nta) za wagonjwa wa huku kwetu niongeze kundi la Afrika Mashariki, YRI ya 1000 Genomes itafaa kama rejea?

---

Bi_Takwimu

Peke yake hapana. YRI ni Wayoruba wa Ibadan, inawafaa Wamarekani Weusi ambao asili yao kubwa ni Afrika Magharibi na Kati. Afrika Mashariki kwenye mradi ule ina kundi moja tu, LWK, Waluhya wa Webuye, Kenya, watu 99. Mgonjwa Mpogoro au Mnyamwezi atakaa karibu nao. Mmaasai, Mmbulu (Mwiraqw) au Msomali atatua katikati ya Afrika na Ulaya kwenye mchoro, na programu itakuambia ana "damu ya Kizungu" wakati kinachoonekana ni asili ya Kinailoti au Kikushi isiyokuwa na rejea kwenye data zako.

---

Slaidi_na_Wembe

Naongezea la maabara, kwa sababu bloku za huku zinaweza kukuzalishia "tofauti ya mbari" bila saratani kuhusika hata kidogo.

Uliza kwanza formalini iliyotumika kuhifadhi nyama. Ile inayochanganywa kwa maji ya bomba bila chumvi huwa na asidi na inakatakata DNA. Inayotakiwa ni ya 10% iliyodhibitiwa: kwa lita moja, formalini ya dukani ya 37 hadi 40% mililita 100, maji yaliyosafishwa mililita 900, sodiamu dihaidrojeni fosfeti gramu 4, daisodiamu haidrojeni fosfeti gramu 6.5, pH ifike karibu 7. Ujazo uwe mara kumi ya nyama. Muda ni saa 6 hadi 48. Baiopsi iliyochukuliwa Ijumaa mchana na kukutwa kwenye kikopo Jumatatu asubuhi imeshavuka muda, andika hivyo kwenye rejista. Kipande cha mfupa kilicholainishwa kwa asidi usikisome kabisa, tafuta kilicholainishwa kwa EDTA.

Formalini huondoa amino kwenye sitosini, nayo husomwa kama T. Unapata mvua ya mabadiliko ya C kwenda T yenye uwiano mdogo, mengi chini ya 5%. Kama bloku za Marekani ni nzuri na za kwetu zimechakaa, uchambuzi utakuonyesha "saini ya kimutesheni ya Waafrika", yaani mpangilio wa mabadiliko wa kipekee. Tibu DNA kwa kimeng'enya cha UDG, kinachoondoa sitosini zilizoharibika hivyo, kabla ya kuiandaa kwa kusomwa, na weka kikomo cha uwiano cha 5% au zaidi kwa makundi yote mawili, si kwa moja. Alama ya moshi wenyewe ni C kwenda A, hiyo haitokani na formalini, kwa hiyo itumie kuhakiki kama historia ya uvutaji iliyoandikwa kwenye faili ni ya kweli.

Kabla ya kusoma: kata slaidi moja ya rangi za H&E, mpatholojia azungushie eneo lenye saratani, usafi usiwe chini ya 20%. Kata vipande vya mikroni 5 hadi 10, badilisha wembe kila bloku, la sivyo L858R ya mgonjwa wa kwanza itamfuata wa pili. Pima DNA kwa rangi ya kung'aa, si kwa mwanga wa UV pekee, kwa kuwa UV inahesabu na takataka. Kisha PCR ya bidhaa za urefu wa jozi bezi 100, 200, 300 na 400. Ikiishia 100, iandalie paneli ya vipande vifupi au iache.

Na nani amefika kwenye bloku? Wapo wagonjwa wanaotibiwa kifua kikuu kwa picha ya X-rei bila vijidudu kuonekana kwenye makohozi, saratani inaendelea ndani. Wengi wao baiopsi haifanyiki. Waliopata bloku ni kundi lililochujwa tayari.

---

Dkt_Uvimbe

Na kama utaweka matokeo ya tiba, kagua Duffy, aina ya kundi la damu. Badiliko la rs2814778 kwenye ACKR1, lilelile linalokinga kwa sehemu kubwa dhidi ya malaria ya vivax, liko kwa nakala mbili kwa watu wengi sana kusini mwa Sahara na kwa takriban theluthi mbili ya Wamarekani Weusi. Wenye nakala mbili wana nyutrofili (aina ya seli nyeupe) chache kwenye damu na kinga yao ni nzima. Majaribio mengi ya dawa hutaka nyutrofili 1,500 kwa mikrolita, na dozi za kaboplatini, dawa ya saratani, huahirishwa chini ya hapo. Mgonjwa mwenye 1,300 za maisha yake yote anahesabiwa kuwa dawa imemdhuru, anacheleweshwa au hapokelewi kwenye jaribio. Kwenye data yako ataonekana kama "hakuvumilia tiba".

---

Bima_na_Foleni

Kwa upande wa vifo, msisahau kisu. Uchambuzi wa 1999 wa Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, wagonjwa wa miaka 65 na zaidi wenye hatua za mwanzo: Wazungu 76.7% walifanyiwa upasuaji, Weusi 64.0%. Waliokuwa hai baada ya miaka mitano ni 34.1% na 26.4%. Ukiwatazama waliofanyiwa upasuaji peke yao, pengo karibu halipo. Hakuna molekuli inayoeleza hilo.

Uchunguzi wa CT ya dozi ndogo nao ulikuwa na mlango mwembamba. Kigezo cha Marekani cha 2013 kilikuwa miaka 55 hadi 80 na pakiti-miaka 30 (pakiti kwa siku mara miaka ya kuvuta). Kwenye Southern Community Cohort, Weusi wavutaji waliofikia sifa walikuwa 17%, Wazungu 31%. Mwaka 2021 wakashusha hadi miaka 50 na pakiti-miaka 20. Afadhali, lakini piga hesabu: sigara 10 kwa siku kwa miaka 35 ni nusu pakiti mara 35, sawa na 17.5. Huyo bado yuko nje, na ndiye hasa ambaye Kemia_ya_Tumbaku amesema hapo juu kwamba sigara zake kumi zinabeba hatari kubwa kuliko za Mzungu. Kwa hiyo kwenye modeli ya vifo weka hatua ya ugonjwa na upasuaji kabla ya kuingiza jeni yoyote, kisha uone kilichobaki ni kiasi gani.